Glasi ya mwenyekiti haipimi maji

Juzi huko Makete, mwenyekiti wa kitongoji alikinga maji ya chemchemi kwenye glasi, akayainua juani, akayagugumia yote mbele ya mkutano. "Mtaalamu unaona? Meupe pee! Babu zetu wamekunywa haya haya." Makofi. Mimi, mpima maji, nimesimama na sanduku langu la barafu la kubebea sampuli kama mganga aliyekosea kijiji.

Haya, narudia. Weupe unaniambia tope ni kidogo, basi. E. koli, bakteria wa kinyesi, haonekani kwa macho. Namsubiri saa 24 ndani ya inkubeta (kisanduku cha joto cha kuoteshea bakteria), nyuzi 44, na katika mililita 100 za maji ya kunywa sitakiwi kumkuta hata mmoja.

(Na nyie mnaosema kule juu Kitulo maji "hayaivi" kwa ajili ya mwinuko: kule yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, wakati bakteria wa kuhara wanaanza kufa haraka kwenye 70. Chemsheni.)

Ila kinachonikera hasa ni hiki: chanzo kikifaulu kipimo, kijiji kizima kinajiona kimefaulu. Nilichopima ni chemchemi! Bomba la mserereko, lile la maji yanayoteremka yenyewe, likipasuka bondeni na presha ikashuka, linafyonza matope ya nje. Halafu kuna ndoo. Kwa bibi mmoja nilichukua sampuli mbili. Koki ya uani, safi. Ndoo ya jikoni, makoloni ya bakteria hayahesabiki. Na ndoo ina kifuniko kizuri tu! Juu yake kimekaa kikombe cha plastiki kisicho na mkono, kwa hiyo kila anayechota anazamisha vidole vinne, akiwemo mjukuu aliyetoka chooni sasa hivi. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kikavu. "Mwanangu, asubuhi maji yanakata vidole, nani atanawa?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Kuchemsha nahubiri, lakini yaliyochemshwa yakirudi kwenye ndoo ile ile hayana ulinzi wowote. Klorini, dawa ya maji, inabaki ikilinda, ila kwenye baridi inafanya kazi polepole. Mimi nasubiri saa nzima badala ya nusu saa, na watu wanalalamikia harufu. Ningepewa hela ya kitu kimoja kwa kila kaya, nadhani ningenunua ndoo yenye koki kabla ya dawa. Nadhani.

Yule bibi nilimwachia kata ya mpini mrefu. Niliporudi inachotea ulanzi, pombe ya mianzi. Maji, kikombe kile kile.