Tafakuri ya umakinifu inayoongozwa: ni nini, na inafanywaje siku ya kawaida?

Tafakuri ya umakinifu ni zoezi la kuweka akili, kwa makusudi, kwenye jambo linalotokea sasa hivi, bila kukimbilia kulihukumu kuwa zuri au baya. Jambo lenyewe laweza kuwa pumzi, nyayo zinavyogusa sakafu, au mvua inayogonga bati. Ikisemwa "inayoongozwa", yupo mtu anayekuelekeza kwa sauti, ana kwa ana au kwenye rekodi: sikia hewa ikipita puani, sasa shuka mabegani, akili ikitoroka irudishe. Huhitaji kukunja miguu wala kuwasha ubani. Kiti cha plastiki kinatosha.

Wengi huacha siku ya kwanza kwa kudhani kwamba walitakiwa wasiwaze kitu. Mtu anafumba macho, na kabla pumzi ya tatu haijatoka ameshafika kwenye kodi ya nyumba, ada ya mtoto na lile neno alilosema shemeji Jumapili. Anafungua macho akisema hili halimfai. Kumbe akili kuzurura ni kawaida yake, na zoezi lenyewe ni pale unaposhtuka kwamba umezurura, kisha ukairudisha kwenye pumzi bila kujigombeza, kama mama anavyomrudisha mkekani mtoto anayetambaa kuelekea mlangoni. Aliyezurura mara hamsini akarudi mara hamsini amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa kimya huku anasinzia.

Asili yake ni mafundisho ya Kibudha huko Asia, ya karne nyingi. Lakini sura tunayoikuta leo hospitalini na kwenye programu za simu imetokana kwa sehemu kubwa na Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyesomea biolojia ya molekuli na ambaye mwenyewe alikuwa akifanya tafakuri za Kibudha. Mwaka 1979, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, alianza kupokea wagonjwa wenye maumivu sugu ambao tiba ya kawaida haikuwa imewasaidia vya kutosha. Aliweka kando lugha ya dini, akabakiza mazoezi. Kozi ikaja kuwa ya wiki 8: darasa mara moja kwa wiki, na kazi ya nyumbani kwa kufuata sauti iliyorekodiwa kwenye kaseti. Hakuwaahidi kwamba maumivu yataondoka. Alitaka waone kwamba mgongo kuuma ni jambo moja, na "mgongo huu utanimaliza" ni jambo jingine ambalo akili imeliongeza yenyewe.

Zoezi maarufu la kozi hiyo ni la kula zabibu kavu moja. Ndiyo, moja. Unaiweka kiganjani na kuitazama kana kwamba hujawahi kuona zabibu: mikunjo yake, pale mwanga unapong'aa, kidoa kilipokuwa kikonyo. Unaibonyeza kwa vidole. Unaisogeza puani, na pengine mate yanaanza kujaa mdomoni kabla hujala chochote. Kisha unaiweka ulimini bila kutafuna, unaigeuza, ndipo unaiuma mara moja na kusubiri. Mwishoni unafuatilia inavyoteremka kooni. Wengine hucheka, lakini wengi hushangaa kwamba kwa miaka wamekuwa wakila zabibu kwa konzi bila kuzionja. Ukikosa zabibu, karanga inafaa.

Lipo pia zoezi la kukagua mwili, ambalo katika kozi huchukua kama dakika 45: unalala chali, na sauti inakupeleka taratibu kutoka vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini. Ni zuri, ila kwa mtu mwenye watoto na foleni ya asubuhi naona ni refu mno kulianzia.

Linaloingia kirahisi kwenye siku ya kazi ni lile la dakika 3, lililotoka kwa wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale walipotengeneza kozi ya kuwakinga waliowahi kuugua sonona wasiugue tena. Kwanza unajiuliza: sasa hivi nawaza nini, nasikia nini moyoni, mwili ukoje? Pili unakusanya akili yote kwenye pumzi. Tatu unaipanua hadi kwenye mwili mzima, uso na mabega yakiwamo. Unaweza kulifanya kituoni ukisubiri daladala, au kabla ya kujibu ujumbe uliokuudhi. Hapo kwenye ujumbe ndipo faida yake inapoonekana haraka.

Hata bila sauti ya mtu, kazi za nyumbani zinaweza kuwa zoezi. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, alifundisha kuosha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo tu, si ili umalize ukanywe chai. Joto la maji, povu mkononi, ukoko wa wali unavyoachia sufuria. Ila usisikilize rekodi ya kufumba macho ukiwa kwenye usukani au juu ya bodaboda.

Wapo wanaouliza kama hii ni ibada ya kigeni. Kwa namna inavyofundishwa hospitalini, hakuna anayeombwa wala kuabudiwa, hivyo haichukui nafasi ya sala. Asiyeridhika na asili yake ana haki ya kuiacha.

Je, inafanya kazi? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, wenye washiriki 276 waliokuwa na magonjwa ya wasiwasi, ulilinganisha kozi ya wiki 8 na dawa ya esitalopramu, na nafuu ikakaribiana. Mwaka huohuo, utafiti mkubwa katika shule za Uingereza, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000, haukuona mafunzo ya umakinifu yakiwasaidia kuliko masomo ya kawaida ya shule kuhusu hisia na mahusiano. Kwa hiyo anayekuuzia kama dawa ya kila kitu mtilie shaka, na usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya rekodi ya simu.

Kwa waliopitia mambo mazito, kama kupigwa, ajali au vita, kukaa kimya macho yamefumbwa kunaweza kurudisha picha zile kwa nguvu. Ikitokea, fungua macho, simama, shika kitu cha baridi, ita vitu vitano unavyoviona kwa majina. Mtu wa namna hii afanye zoezi fupi macho yakiwa wazi, na ni bora awe na mtaalamu wa afya ya akili wa kumwongoza badala ya sauti isiyomwona.