Antena si kuelekeza tu: yanayosemwa kuhusu polaraizesheni na ukweli wake

"Antena ikishaelekea mnara, kazi imekwisha." Hilo husemwa sana na vijana wanaofunga intaneti juu ya maghorofa ya Mombasa, na linawapotezea mawimbi bure. Wimbi la redio lina upande linakokwenda, na pia lina mkao: uga wake wa umeme hutikisika wima, mlalo, au huzunguka kama skrubu likisafiri. Mkao huo ndio polaraizesheni. Antena ikipishana nao kwa digrii 45, nusu ya nguvu imekwenda, yaani desibeli 3. Ikipishana kwa digrii 90, kinadharia haipati kitu. Huambulia tu mabaki yaliyogonga kuta na mabati. Mafundi wa dishi wanalijua hili kwa mikono: setilaiti ikishapatikana, hulegeza LNB, kile kichwa cha kupokea kilicho mbele ya dishi, wakaizungusha kidogo kidogo, macho kwenye mita.

Wengine hudhani kubadili polaraizesheni ni lazima kitu kizungushwe. Hapana. King'amuzi chako huipelekea LNB volti 13 kuchagua wima na 18 kuchagua mlalo, kwa waya uleule mmoja.

Antena bapa inaweza zaidi ya hapo, na hapa ndipo usanifu unaponoga. Chukua kipande cha shaba cha mraba, karibu sentimita 3 kwa gigahezi 2.4 kwenye bodi ya kawaida ya faibaglasi. Tenga kona zake nne, kisha ziunganishe tena kwa daiodi za PIN, yaani swichi ndogo za kielektroniki. Zote zikiwaka, mraba umekamilika na wimbi ni la mstari, yaani hutikisika kwa mkao mmoja tu. Zima mbili zinazotazamana kwa mshazari, na mkondo unagawanyika sehemu mbili zilizo sawa, moja ikichelewa robo ya mzunguko: wimbi linazunguka. Zima zile mbili nyingine badala yake, linazunguka kinyume. Kazi ngumu ni nyaya za kuwashia daiodi. Zisipowekewa koili za kuzuia mawimbi, nazo hugeuka antena na kuvuruga kila kitu.

Je, antena hii inaongeza nguvu? Haiongezi. Daiodi zenyewe hula kidogo. Faida ni kuokoa kile kilichokuwa kikipotea, kwa mfano simu inaposhikwa wima mara, mlalo mara.

Wala wimbi la kuzunguka si bora kila mahali. Likipokewa na antena ya mstari, nusu hupotea daima. Likigonga chuma, la kulia hurudi la kushoto. GPS hutumia la kulia, kwa hiyo antena nzuri huyakataa mawimbi mengi yaliyogonga mara moja. Katikati ya makontena ya bandari ya Kilindini, ambako kila upande ni chuma, antena inayoweza kuchagua ina thamani kubwa.

Ila hewa ya bahari hula solda. Bodi ipakwe vanishi kabla ya kupandishwa paani, kisha ipimwe upya, kwa sababu vanishi hushusha kidogo frikwensi ya antena.