Wufa ya Matatu Ikipanda Mashua

Kaskazi ikishika na wageni wakianza kujaa Shela, Lamu, mlangoni kwangu hupiga hodi manahodha na magunia. Ndani ya gunia huwa na wufa, yaani spika kubwa ya besi, ya inchi 12 iliyotolewa kwenye matatu Mombasa, boksi lake limevishwa kapeti na vumbi la barabara bado limo. "Fundi, nifungie hii. Nataka mgeni aisikie besi tumboni." Huligonga boksi kwa kifundo cha kidole, nikairudisha wufa guniani, kisha tukaanza mazungumzo ambayo nimechoka kuyarudia kila mwaka juu ya kikombe cha kahawa. Heri niyaandike.

Matatu ni sanduku la bati. Ukishafunga milango na vioo besi haina pa kutokea, inarudi kwa abiria, na ndiyo maana hata wufa ya kawaida humo hutikisa kioo cha nyuma. Mashua haina paa wala ukuta. Sauti ikitoka imekwenda zake. Wufa ile ile, wati zile zile, utasikia kama mtu anayepiga mto nyumba ya tatu. Wengi hapo hukimbilia kuongeza wati, na hiyo ni hasara: nguvu ikiongezwa maradufu sauti hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho mgeni mwenye soda yake mkononi hakitambui kwa urahisi. Betri ndiyo itakayotambua.

Kinachookoa besi baharini ni boksi. Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, na yale mawimbi mawili yakikutana yanauana. Sauti ya hezi 50, yaani inayotetema mara 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7. Kwa wimbi refu hivyo upande wa nyuma wa spika si mbali hata kidogo, litazunguka na kufika mbele likute mwenzake. Mimi hili nalilijua kitabuni, lakini nilielewa siku niliyofunga wufa ya inchi 10 kwenye benchi la spidi boti ya faiba. Nilitoboa tundu, nikaifunga bila boksi, nikijiambia kwamba chini ya benchi pamefungika. Nikawasha: spika inacheza, naiona kwa macho inaingia na kutoka, besi hakuna. Nikainama na tochi. Kwenye kona, pale unapopita mpira wa pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayotuama chini ya chombo, waliotengeneza boti waliacha upenyo wa ngumi mbili. Nikachomeka kanga kuukuu. Besi ikaja pale pale, mpaka kijana aliyekuwa akiosha chombo cha jirani akageuka kutazama. Nikaitoa kanga, ikapotea. Nimeichomeka na kuitoa mara nne, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Tangu siku hiyo kwenye mashua ya mbao sifungi wufa bila boksi lililozibwa pande zote. Kwa inchi 10 lita 25 hivi zinatosha, ingawa kila wufa ina kipimo chake kwenye karatasi ya maelezo inayokuja nayo, na hicho ndicho cha kufuata. Maboksi yangu huchongewa na fundi wa vyombo Matondoni. Mtu aliyezoea kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao za chombo, haachi upenyo. Ni plaiwudi ya baharini ya milimita 18, ndani na nje imepakwa rezini, skurubu za chuma kisichoshika kutu, na linafungwa kwenye mataruma, mbavu za chombo, kwa mabano. Usiliache likae kwa uzito wake, maana wimbi la kusi likikupiga ubavuni boksi la kilo 15 linakuwa abiria asiyejua kukaa. Lile la matatu limetengenezwa kwa mbao za unga. Zikionja maji ya chumvi zinavimba kama mkate kwenye chai. Karatasi ya wufa yenyewe nayo iwe ya plastiki na ukingo wake uwe wa mpira. Ya karatasi halisi haimalizi msimu.

Liwekwe wapi? Chini ya benchi la shetri, nyuma ya chombo, pembeni kabisa, uso wa wufa ukitazama ubavu wa chombo. Kona husaidia besi kidogo, na bila paa tunahitaji kila msaada. Sauti iliyo chini ya hezi 80 sikio halijui inatoka upande gani, kwa hiyo usijitaabishe kuielekeza kwa abiria.

Ila usiiweke karibu na dira. Hapa nina aibu yangu. Kwenye spidi boti moja nilibana wufa chini ya usukani kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, nikalipwa, nikapewa na safari ya bure hadi Faza, kisiwani Pate, kwenda kusikiliza kazi yangu. Tulipouacha mlango wa bahari wa Mkanda nyuma, mzee aliyeshika usukani akatazama dira, akatazama Pate mbele yake, akatazama dira tena. "Fundi, dira hini yatupoteza ndia." Sindano ilikuwa imevutwa na sumaku ya wufa karibu nyuzi 20. Yeye njia ile anaijua hata akifumba macho, lakini je, usiku na mvua, akiwa kijana wake peke yake? Siku hizi naacha mita 2 kati ya dira na spika yoyote, na kabla sijafunga skurubu ya kwanza naisogeza wufa taratibu huku mtu akinitazamia sindano.

Sasa umeme, ambako pesa nyingi huliwa. Gari ni chuma, waya wa hasi unaufunga popote kwenye bodi na mambo yanakwenda. Mashua ni mbao au faiba, haina bodi ya kurudishia umeme. Kila waya wa chanya unaokwenda kwenye amplifaya, kile kifaa cha kukuza sauti, lazima uwe na mwenzake wa hasi unaorudi hadi betrini, unene ule ule. Watu hununua mmoja mnene mwekundu na kutafuta kipande chembamba cheusi, kwa nini sijui.

Tuchukue amplifaya ya wati 300 za kweli, si zile 3000 zilizoandikwa kwenye katoni. Ikiwa ni ya klasi D, inayotumia vizuri kama asilimia 80 ya umeme inaoumeza, kwa volti 12 itavuta karibu ampea 31 besi inapokaza. Betri ikiwa mita 5 mbali, kwenda na kurudi ni mita 10 za waya. Kwa waya wa milimita 4 za mraba utapoteza zaidi ya volti 1.3 njiani. Betri ina 12.4, amplifaya inapata 11.1, na kila ngoma ikipigwa redio inazimika na kuwaka. Kwa waya wa milimita 16 za mraba unapoteza thuluthi moja ya volti, basi. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, kila uzi wake. Shaba tupu hapa kwetu hugeuka kijani ndani ya ganda bila wewe kuona. Nimekwisha kuchana waya ulioonekana mpya nje, ndani umekuwa unga.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18 za waya, yaani haifiki shibiri. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto. Iliyo upande wa amplifaya hailindi chochote kati yake na betri. Na amplifaya isifungwe chumba kimoja na tangi la petroli wala ndani ya sanduku la betri, hata kama ndipo penye kivuli.

Betri ya muziki iwe peke yake. Mteja wangu mmoja, kabla hatujajuana, alipeleka wageni Manda kutazama jua likizama, muziki ukapigwa saa tatu mfululizo, mashine haikuwaka tena. Walivutwa na wavuvi. Hesabu ni nyepesi: wimbo hauvuti ampea 31 muda wote, wastani ni kama 10. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiitumie chini ya nusu, kwa hiyo una saa 5. Mashine nyingi ndogo za kufunga nyuma huchaji ampea chache tu, nyingine hazichaji kabisa, usizitegemee. Paneli ya sola ya wati 100 kwa jua letu hurudisha kama ampea-saa 30 kwa siku isiyo na mawingu.

Kuseti sauti ni nusu saa ya kazi. Wufa ipewe chini ya hezi 80 peke yake, na zile spika ndogo zilizo kwenye miti ya turubai zizuiwe kupiga chini ya hapo. Hili la pili ndilo watu hulisahau, nalo ndilo tamu: spika ndogo ikishatuliwa mzigo wa besi inaimba kwa nafasi, hata udi wa taarabu unausikia ulivyokwaruzwa. Kisha kaa pale wanapokaa wageni, geuza waya mbili za wufa, chanya pawe hasi, usikilize. Njia moja itakuwa na besi nene kuliko nyingine, iache hiyo. Geini ya amplifaya, ile ya kupanga nguvu ya sauti inayoingia, si kitasa cha sauti. Ipandishe mpaka besi ianze kukoroma, urudi nyuma kidogo, usiiguse tena.

Jambo la mwisho nalifunga bila kuombwa. Amplifaya ina waya mwembamba wa kuiamsha unaotoka redioni. Naukata katikati na kuupitishia swichi ndogo kando ya goti la nahodha. Besi hupita juu ya maji na kuingia nyumba za watu kuliko sauti nyingine yoyote, na msikiti hauko mbali na gati. Chombo kikikaribia mji wakati wa magharibi, anaibonyeza kwa goti, wufa inanyamaza, redio inaendelea chini chini, na mgeni haulizi kitu.