Meli ikitia nanga Bordeaux: yanayosemwa na yalivyo

Bordeaux iko kusini-magharibi mwa Ufaransa, pale mto Garonne unapopinda kama mwezi mchanga. Tangu 2007 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na meli za kitalii husimama hapo, nyingi kwa siku moja au mbili tu. Muda huo ni mfupi kwa mtu anayeshuka na habari nusunusu, na hizo habari nusunusu ni nyingi.

“Ukishuka melini, bahari iko hapo hapo.”
Bahari ya Atlantiki iko mbali, karibu kilomita 100. Meli huingia kwenye mlango mpana wa Gironde, kisha hupanda na mto hadi katikati ya mji. Ikikaribia, kipande cha kati cha daraja la Jacques Chaban-Delmas, lililofunguliwa 2013, huinuliwa wima kati ya minara minne, magari yakiwa yamesimama pande zote mbili. Usikubali kuwa chumbani wakati huo. Lakini si kila meli inafika mjini. Baadhi ya zile kubwa huishia Bassens, bandari iliyo nje kidogo ya mji, au Le Verdon kwenye mlango wa mto. Angalia ratiba kabla ya kulipa, maana ikiwa umeandikiwa Le Verdon, saa kadhaa zitakwisha barabarani.

“Mto ule ni mchafu, tazama rangi yake.”
Rangi ya kahawia ni ya udongo. Maji ya bahari hujaa na kupwa hadi kuupita mji, na kila yanapokwenda na kurudi huvuruga tope laini lililotulia chini. Mtu wa Malindi anayeijua bahari yake Mto Sabaki unapofurika hatashangaa.

“Bordeaux ni mvinyo tu. Asiyekunywa hana la kufanya.”
Hii inawanyima wengi raha bila sababu. Mji wa kale unatembeleka kwa miguu, na meli iliyofunga gati katikati ya mji inakuacha mlangoni pake. Place de la Bourse, uwanja wenye majumba uliojengwa karne ya 18, unatazama mto. Mbele yake kuna Miroir d'eau, sakafu ya mawe yenye mita za mraba 3,450 inayofunikwa na maji ya kina cha sentimita mbili hivi. Maji yakitulia, majengo yote yanaonekana chini yakiwa kichwa chini miguu juu. Kisha maji hutoweka, na ukungu huchomoza kutoka sakafuni watoto wakipiga kelele. Majira ya baridi husimamishwa, kwa hiyo usiyategemee Januari.

Jambo moja kwa wasiotumia kileo: canelé, keki ndogo ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi nje na laini ya manjano ndani, hutiwa ramu pamoja na vanila. Uliza kwanza.

“Majumba yale yalijengwa kwa fedha za mvinyo.”
Kwa sehemu, ndiyo. Lakini karne ya 18, iliyoupa mji sura unayoiona leo, ilikuwa ya sukari, kahawa na nili kutoka visiwa vya Karibiani, hasa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Mazao hayo yalilimwa na watumwa, yakashushwa Bordeaux na kuuzwa tena kaskazini mwa Ulaya. Nantes, bandari nyingine ya Ufaransa, ilipeleka meli nyingi zaidi za watumwa, na wapo wanaolitumia hilo kuisafisha Bordeaux. Haisafishiki. Meli zake zilibeba zaidi ya watu 100,000 kutoka Afrika, na hata meli iliyokwenda Karibiani moja kwa moja bila kupitia Afrika ilirudi na jasho la watumwa. Inua macho Place de la Bourse utazame nyuso zilizochongwa juu ya madirisha na milango. Umo uso wa mwanamke wa Kiafrika.

“Hiyo ni historia ya Afrika Magharibi, sisi haituhusu.”
Inatuhusu sana. Mwaka 1776 Mfaransa Morice, aliyefanya biashara kutoka Île de France, yaani Mauritius ya leo, alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kwa mwaka. Miaka ya 1780 wenye meli wa Bordeaux nao waligeukia Msumbiji na pwani yetu.

Kwenye quai Louis XVIII, kando ya mto, imesimama sanamu ya shaba ya mwanamke, iliyozinduliwa Mei 2019. Ni kazi ya msanii wa Haiti, Woodly Caymitte. Huyo ni Al Pouessi, aliyezaliwa Afrika Mashariki karibu na 1765, akatekwa, akanunuliwa na ndugu wawili wa Bordeaux na kupewa jina Modeste Testas. Alipelekwa Saint-Domingue. Mwaka 1795 aliachwa huru kwa wosia wa bwana wake, na akaishi hadi 1870. Mjukuu wake, François Denys Légitime, alikuja kuwa rais wa Haiti. Abiria wengi humpita wakikimbilia kupiga picha kwenye Miroir d'eau. Ningependa kila msomaji wa Kiswahili asimame hapo, asome kibao chake, na amtaje kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Kutoka hapo nenda Musée d'Aquitaine, jumba la makumbusho lililoko cours Pasteur, mwendo wa miguu. Kumbi zake kuhusu biashara ya watumwa zilifunguliwa 2009. Jumatatu jumba hufungwa.

“Abiria wa meli hahitaji viza.”
Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwamo. Na meli ikipitia Uingereza kisha ikarudi Ufaransa, omba ya kuingia zaidi ya mara moja, pamoja na viza ya Uingereza ukitaka kushuka huko.