Je, Wajua Kwa Nini Yuka Huchanua Mombasa Lakini Haizai?

Yuka zilizopandwa katika nyua za Nyali, Kizingo na Tudor huchanua vizuri kuliko mtu anavyotarajia kwa mmea wa kigeni usiotunzwa sana. Shina la maua huchomoza katikati ya majani magumu yaliyochongoka, kisha hubeba maua meupe yanayoning'inia kwa makumi, na kwenye mmea mkubwa kwa mamia. Baada ya wiki chache maua yote hupukutika, shina hilo hukauka, na kwa kawaida halionekani tunda hata moja. Mwenye bustani hubaki akijiuliza mmea wake una kasoro gani.

Jibu analopewa kwanza ni upepo wa chumvi. La pili ni ardhi ya mawe ya matumbawe isiyo na rutuba. La tatu ni uhaba wa maji, na katika mji ambao mikokoteni ya madumu hupita kila mtaa, jibu hilo huaminiwa bila kuhojiwa. Yote matatu hayasimami. Yucca aloifolia na Yucca gloriosa, ambazo ni miongoni mwa yuka zinazopandwa sana duniani, huota zenyewe kwenye vilima vya mchanga vya pwani ya kusini-mashariki mwa Marekani, ambako upepo wa Atlantiki huzimwagia chumvi mwaka mzima na rutuba ni ya kutafuta. Ukame nao hauzishtui, kwa kuwa shina na mizizi yake huweka akiba ya maji. Tena mmea uliopata nguvu ya kusimamisha shina zima la maua umeonyesha wazi kwamba haukuwa na njaa. Anayeongeza samadi na maji ili upate kuzaa atavuna majani mengi zaidi, na ikifika Mei, mwezi ambao mvua za masika hunyesha kwa wingi, huenda akavuna mizizi iliyooza.

Dhana nyingine, iliyoota mizizi kuliko hizo tatu, ni kuichukulia yuka kuwa mkonge wa mapambo. Kosa hilo lina sababu. Kila anayesafiri barabara ya Malindi hupita mashamba ya mkonge ya Vipingo, na huona milingoti yake ikisimama juu ya majani yanayofanana sana na ya yuka. Mimea hiyo miwili ni ndugu kweli, kwani wataalamu wameiweka katika familia moja. Mkonge, hata hivyo, huchanua mara moja tu katika uhai wake, hutoa vitoto vidogo kwenye mlingoti, kisha hufa. Kwa hiyo wapo wanaoona yuka ikichanua wakadhani inaaga dunia, wakaing'oa mapema ili kuepuka usumbufu. Na wapo wanaosubiri vitoto viote kwenye shina la maua, wakasubiri bure. Yuka haifi kwa kuchanua. Kichwa kilichotoa maua ndicho kinachokoma kurefuka, na machipukizi ya pembeni huchukua nafasi yake, ndiyo maana yuka ya zamani huwa na vichwa vingi, na panda nyingi za shina lake ni alama za mahali ilipochanua miaka iliyopita.

Hata ukosefu wa matunda una sababu tofauti katika mimea hiyo. Mkonge unaolimwa huwa na seti tano za kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi, idadi ambayo haigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chembe za uzazi, na kwa sababu hiyo ni nadra sana kutoa mbegu zinazofaa. Kasoro ya mkonge imo ndani yake. Yuka, kwa upande wake, ina chavua nzima, yaani unga wa kiume wa ua, na kifuko cha mbegu changa kilicho kamili. Kilichokosekana Mombasa ni mshenga.

Mshenga huyo ni nondo mdogo, kwa kawaida mweupe, wa jenasi ya Tegeticula. Ili kuelewa kwa nini hakuna mdudu mwingine anayeweza kushika nafasi yake kwa urahisi, ni vizuri kukumbuka jinsi maua mengi yanavyochavushwa. Nyuki huja kutafuta chakula chake, hupakwa unga wa chavua bila kukusudia, kisha huudondosha kwenye ua jingine bila kujua. Yeye ni mgeni wa karamuni ambaye, akitoka nyumba hii kwenda ile, hubeba habari ambazo hakutumwa. Kwa maua mengi, mgeni wa namna hiyo anatosha. Yuka haikujengwa kwa wageni. Chavua yake inanata na hukaa kwa mabonge, kwa hiyo upepo hauwezi kuipeperusha, na sehemu ya kike inayopaswa kuipokea imejificha ndani ya kishimo kwenye ncha ya ua, mahali ambapo mdudu anayepita hana sababu ya kugusa. Inahitajika posa inayopelekwa kwa makusudi, na mtu anayeujua mlango.

Nondo jike ana viungo viwili vyenye kujikunja kando ya mdomo wake, ambavyo wadudu wengine hawana. Usiku, maua yakiwa wazi, hukwangua chavua kwa viungo hivyo, huifinyanga kuwa donge, na kuibana chini ya kichwa chake. Huruka hadi ua jingine, na kabla ya kufanya lolote hulikagua, kwa kuwa jike aliyetangulia huacha harufu, na ua lenye harufu hiyo mara nyingi huachwa au hupewa mayai machache. Akiridhika, hutoboa kifuko cha mbegu changa, hutaga yai, kisha hupanda hadi nchani mwa ua na kushindilia sehemu ya chavua ndani ya kile kishimo. Hashindilii kwa bahati. Hurudia kazi hiyo, wala hali chavua aliyoibeba.

Kama mshenga yeyote, ana ada yake. Mbegu zikianza kukua, viwavi wanaoanguliwa huzila. Bila uchavushaji hakuna mbegu, na bila mbegu watoto wa nondo wangekufa njaa, ndiyo maana uaminifu wa mama yao hauhitaji kuelezwa kwa wema. Viwavi hula baadhi ya mbegu tu, na zinazobaki humtosha mwenye mji. Ada ikizidi, yaani mayai yakirundikwa mengi mno katika ua moja, mmea hulidondosha ua hilo pamoja na mayai yake. Hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu yuka hudondosha maua yake mengi hata pasipo kosa la mtu, kwa kukosa nguvu ya kuyalea yote; inaonekana tu kwamba yaliyobebeshwa mayai mengi na kupewa chavua kidogo huwa ya kwanza kuanguka.

Mpango huu ulielezwa mwaka 1872, pale George Engelmann, mtaalamu wa mimea wa mji wa St. Louis, alipotambua kwamba yuka humtegemea nondo, na Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, akaufuatilia kwa kina. Charles Darwin, ambaye hakuwa mtu wa kushangazwa na maua kwa urahisi, aliusifu sana katika barua aliyoandika mwaka 1874.

Mbona basi mshenga hakufuatana na posa hadi huku? Jibu liko ardhini. Kiwavi akishashiba hutoboa tunda, huanguka, huchimba udongo na kujifungia katika kifukofuko hadi msimu mwingine wa maua, na wakati mwingine hupitisha zaidi ya mwaka mmoja humo. Yuka ziliposafirishwa kutoka Amerika kwenda pande nyingine za dunia, zilibebwa kama vipande vya shina, machipukizi na mbegu. Nondo alibaki chini ya mmea mzazi. Makao yake ya asili, ambayo ni ya yuka pia, yanaanzia kusini mwa Kanada na kushuka hadi Guatemala.

Msomaji wa huku asilione jambo hili kuwa la kigeni mno, maana mkuyu wetu ulipatwa na mkasa uleule. Mkuyu, Ficus sycomorus, huchavushwa na nyigu mdogo sana anayeingia ndani ya tunda lake changa na kutaga humo. Katika nyakati za kale mti huo ulifikishwa Misri, lakini nyigu wake mchavushaji hakufika. Wamisri waliula mkuyu usio na mbegu, wakauzalisha kwa vipande vya matawi, na wakajifunza kulichanja tunda kwa kisu ili liive. Yuka ya Nyali ni mkuyu wa Misri uliogeuzwa upande, na tofauti ni kwamba yuka haikupata hata mtu wa kuihangaikia.

Kanuni hii ina mwanya mmoja. Yucca aloifolia, ile yenye majani yanayochoma kama sindano, imethibitika kuzaa bila nondo huyo, na huko Marekani nyuki wa asali ni miongoni mwa wanaoichavusha. Nyuki huyo, Apis mellifera, si mwenyeji wa Amerika. Alipelekwa na walowezi kutoka Ulaya, na ndiye spishi ileile inayotengeneza asali katika mizinga ya pwani yetu. Kwa hiyo anayeona matunda manene yakining'inia kwenye yuka yenye miiba Mombasa asidhani kwamba nondo amevuka bahari. Yucca gigantea isiyochoma, yenye shina lililovimba chini, haina sifa hiyo.

Mwenye udadisi anaweza kuifanya kazi ya nondo mwenyewe. Carl Sprenger, mkulima wa bustani Mjerumani aliyeishi Naples, aliifanya kwa mikono mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, akapata yuka chotara nyingi. Jioni maua yanapofunguka, chavua huchukuliwa kwa kijiti chembamba au brashi ndogo ya rangi na kushindiliwa, si kupakwa, ndani ya kishimo kilicho nchani mwa ua. Sharti gumu ni kwamba yuka nyingi huikataa chavua yao wenyewe, kwa hiyo ni lazima itoke kwenye mmea mwingine, na mimea miwili iliyokatwa kutoka kwa mzazi mmoja huhesabiwa kuwa mmea mmoja. Kwa kuwa miche mingi inayouzwa kandokando ya barabara hutokana na vipande, yuka ya jirani huenda ikawa ndiyo yako hasa. Ni afadhali kutafuta mmea unaotofautiana nao kwa umbo na ulionunuliwa mahali pengine.

Asiyetaka usumbufu huo hana anachopoteza, kwa sababu yuka huongezeka kwa vipande kuliko kwa mbegu. Kipande cha shina huachwa kivulini siku kadhaa hadi jeraha likauke, kisha hupandwa kwenye mchanga uliochanganywa na kokoto za matumbawe, mahali ambapo maji hayatuami. Mwezi wa Mei haufai kwa kazi hiyo. Ile isiyochoma isikaribishwe ukutani wala karibu na shimo la maji taka, maana hurefuka kupita paa la nyumba ya kawaida na shina lake hutanuka. Ile inayochoma iwekwe mbali na njia ya watoto. Shina la maua likishakauka hukatwa karibu na majani, na kichwa kilichobaki huachwa kitoe matawi.