Robbery na burglary si kitu kimoja

Mtu anarudi kwa nyumba jioni anapata mlango umevunjwa, tivii haipo, mtungi wa gesi umeenda, anapigia kila mtu simu eti amefanyiwa "robbery". Sasa kama hakuna mtu alitishwa wala kuguswa, hiyo si robbery hata wangebeba mpaka mapazia.

Kwa sheria ya Kenya robbery ni wizi pamoja na nguvu, ile magazeti huita wizi wa mabavu. Si lazima upigwe, kutishwa peke yake kunatosha, na inahesabika iwe kabla tu ya kuiba, wakati wa kuiba ama punde tu baadaye. Yaani mtu akikuchomolea simu mfukoni kwa matatu bila wewe kujua ni wizi wa kawaida, lakini ukimshika mkono na yeye atoe kisu ndio usimnyang'anye hiyo simu, hapo kosa limebadilika.

"Burglary" nayo haijali kama ulikuwa umelala ndani ama ulikuwa ushago, yenyewe inaangalia nyumba, kwamba mtu amevunja akaingia mahali watu wanaishi akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa, na hata akitoka mikono mitupu bado ametenda burglary. Halafu hii kuvunja si lazima kufuli ikatwe, kusukuma tu mlango uliorudishwa ni kuvunja, na kuingia si lazima mwili mzima, yule wa kufungua dirisha anaingiza fimbo avute suruali yako ameshaingia. Lakini lazima iwe usiku! Mchana jina linakuwa "housebreaking" na kifungo kinashuka kutoka miaka 10 hadi 7, na usiku wenyewe umeandikwa kwa sheria, saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Wakivunja usiku, wakufunge kamba, wabebe vitu, hapo ni zote mbili.

Robbery ya kawaida ni mpaka miaka 14. Ila wakiwa na silaha hatari, ama wamejeruhi mtu, ama wakiwa tu wawili bila hata wembe, adhabu iliyoandikwa ni kifo, ingawa Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Kwa hivyo ukienda polisi kuandikisha OB, kile kitabu chao cha matukio, sema mlikuwa nani ndani, wao walikuwa wangapi na ilikuwa saa ngapi, kabla hujaanza hadithi ya tivii.