Afya ya uzazi ugenini maana yake nini?

Neno "uzazi" hupotosha kidogo. Mtu akilisikia huwaza mimba na leba, basi kijana wa kiume, au mtu asiye na mpango wa kupata mtoto, huona halimhusu. Lakini maana iliyokubaliwa na nchi 179 kwenye mkutano wa Cairo mwaka 1994 ni pana zaidi: imo njia ya kupanga uzazi, imo kinga na tiba ya magonjwa ya zinaa, imo na haki ya kuamua uzae lini na watoto wangapi. Ukiongeza "ugenini", swali linakuwa hili: hayo utayapataje katika nchi isiyo yako, uwe msafiri wa wiki mbili, mwanafunzi au mfanyakazi wa mkataba?

Wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba pasipoti haibebi huduma za nyumbani. Unachoruhusiwa kupata huamuliwa na ardhi uliyoikanyaga, wala utajiri wa nchi si kipimo. Japani, pamoja na utajiri wake, iliidhinisha vidonge vya kila siku vya kupanga uzazi mwaka 1999 tu. Honduras ilipiga marufuku vidonge vya dharura, vile vya kuzuia mimba baada ya ngono, hadi 2023. El Salvador hairuhusu kutoa mimba kwa sababu yoyote ile tangu 1998, na Marekani, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2022 ulioyaachia majimbo suala hilo, kila jimbo lina sheria yake. Huko England, kinyume chake, hata mgeni asiye mkazi hupimwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa bila malipo.

Sheria inaweza kuwa upande wako na bado muda ukakuangusha. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuhatarika, yaani PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kisha humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya levonorgestreli navyo vina saa 72, vya ulipristali saa 120, na kitanzi cha shaba huwekwa hadi siku ya tano baada ya ngono. Saa hizo ni nyingi kwa mtu aliye kwao. Kwa mgeni aliyepatwa na jambo Ijumaa usiku, asiyejua kliniki ipi itamhudumia, siku mbili huishia kwenye kuuliza tu. Kwa PEP asitafute kliniki, aende moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali.

Wenye vidonge vya majira wana hesabu yao (jina lenyewe linawaonya). Ukivuka nchi zenye saa tofauti, fuata pengo la saa 24 tangu kidonge cha mwisho, usifuate saa ya ukutani. Vipo vya homoni moja ambavyo kuchelewa zaidi ya saa 3 tu kunahesabiwa kuwa umekosa. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, chukulia hukumeza.

Jina la kibiashara la dawa hubadilika ukivuka mpaka, lakini jina la kitaalamu la kiambato hubaki karibu lile lile. Piga picha boksi, lionekane hilo jina na miligramu. Mfamasia atalielewa hata kama hamzungumzi lugha moja.

Bima nyingi za safari hulipia ajali na ugonjwa wa ghafla, si kliniki ya mimba ya kawaida. Soma sehemu ya visivyolipiwa.

Na mkalimani? Mwombe wa hospitali, hata kwa simu, badala ya kutumia mwanao au mtu aliyetumwa na mwajiri. Kama unaishi huko kwa kibali, kabla ya kupima VVU uliza majibu yanapelekwa wapi, maana zipo nchi ambazo bado humfukuza mgeni mwenye virusi.